Ukungu wa Lugha ya Uganga na Athari Yake katika Kutambua Ugonjwa

1. Utangulizi

Kabla ya kipimo cha damu, kabla ya picha ya kifua, na hata kabla ya mkono wa mganga kuligusa tumbo la mgonjwa, kuna neno. Mgonjwa hueleza, mganga husikiliza. Na kutokana na maneno hayo machache mganga huamua atafute nini na aache nini. Ndiyo sababu wanafunzi wa uganga hufundishwa tangu mwanzo kwamba mahojiano ni mlango wa utambuzi. Lakini mlango huo umejengwa kwa lugha, na lugha ya maradhi, iwe ya mgonjwa au ya mganga mwenyewe, ina ukungu mwingi.

Makala haya yanakusudia kueleza ukungu huo ni wa namna gani, unatoka wapi, na unaathiri vipi uamuzi wa mganga. Jambo linalotetewa ni hili: ukungu wa neno peke yake si kosa, kwani mwili wenyewe hauna mipaka iliyo wazi kila mahali. Madhara hutokea pale neno lenye ukungu linapovuka kutoka kinywa kimoja hadi kingine, au kutoka lugha moja hadi nyingine, kisha likatokea ng'ambo ya pili likiwa limevaa uhakika ambao halikuwa nao mwanzoni. Katika Kongo, ambako mgonjwa huweza kusema Kiswahili, muuguzi akasikia Kiswahili, na karatasi ya mgonjwa ikaandikwa Kifaransa, safari hiyo hufanyika kila siku.

Neno la kwanza linalohitaji kufafanuliwa ni «mganga» lenyewe. Katika Kiswahili cha Kongo, mganga ni yule aliyesomea kazi hiyo chuoni na anayefanya kazi hospitalini. Katika pwani ya Afrika ya Mashariki neno hilohilo humwelekea zaidi mtabibu wa jadi, na yule wa hospitali huitwa daktari. Mgonjwa wa Lubumbashi anayesema «nimekwisha kumwona mganga» na msikilizaji wa Dar es Salaam wanaweza kuachana na picha mbili tofauti kabisa, bila mmoja wao kusema uongo. Katika makala haya neno hilo linatumika kwa maana ya Kongo.

2. Aina tatu za ukungu

Katika mazungumzo ya kawaida huitwa «ukungu» kila kisichoeleweka vizuri. Hata hivyo, mwanaisimu hutenganisha mambo matatu, na utengano huo una manufaa kwa mganga pia.

La kwanza ni utata, yaani neno moja kubeba maana mbili au zaidi zilizo mbalimbali. «Moyo» ni mfano ulio bora, nao utaelezwa chini. La pili ni ujumla, yaani neno kufunika eneo kubwa kuliko lile linalohitajiwa. Katika Kiswahili «mguu» huanzia nyongani hukomea vidoleni, na «mkono» huanzia begani hukomea vidoleni. Kifaransa hutenganisha «jambe» na «pied», «bras» na «main». Mgonjwa akisema mguu umevimba, amesema kweli tupu. Lakini uvimbe wa kifundo na uvimbe wa paja la upande mmoja havimpeleki mganga mahali pamoja. Wa kwanza, ukiwa wa miguu yote miwili, humfanya afikirie moyo, figo au ini; wa pili humfanya aogope damu iliyoganda ndani ya mshipa. La tatu ni ukosefu wa mpaka, ambao ndio ukungu hasa. Hapa maana ya neno inajulikana, lakini haijulikani inakoma wapi. Pumzi inaanza kuwa «ya haraka» kwa kiasi gani? Damu ni «nyingi» ikifika wapi?

Jambo hili la tatu liliwashughulisha wanafalsafa tangu kale. Fumbo la rundo, linalonasibishwa na Eubulides wa Mileto aliyeishi katika karne ya nne kabla ya Kristo, huuliza hivi: ukiondoa punje moja katika rundo la nafaka, rundo hubaki rundo, basi ni punje ipi ambayo ikiondolewa rundo hukoma kuwa rundo? Mwaka 1965 mtaalamu wa hesabu Lotfi Zadeh alitoa nadharia ya seti zisizo na mipaka dhahiri. Katika nadharia hiyo kitu huweza kuwa ndani ya kundi kwa kadiri fulani, badala ya kuwa ndani kabisa au nje kabisa. Waliojaribu kutumia hesabu katika utambuzi wa magonjwa waliipokea nadharia hiyo kwa furaha, kwani waliona humo picha ya kazi yao: mgonjwa hafiki akiwa mzima kabisa au mgonjwa kabisa, hufika akiwa mgonjwa kwa kadiri fulani.

3. Maneno ya mgonjwa

Na ichukuliwe mfano wa mama anayetoka Katuba asubuhi, akafika katika kituo cha afya na kusema: «Moyo inaniuma, na mwili iko moto.» Neno «moyo» katika Kiswahili hutaja kiungo kinachosukuma damu, hutaja pia makao ya hisia na nia, tena hutaja ile sehemu ya juu ya tumbo, chini ya kidari, ambako kichefuchefu huanzia. Ndiyo maana Waswahili husema «moyo umechafuka» kwa mtu anayetaka kutapika. Wala Kiswahili hakiko peke yake. Mfaransa anayesema «j'ai mal au cœur» halalamiki juu ya moyo wake hata kidogo, anataka kutapika.

Muuguzi akiandika katika karatasi kwamba mama ana maumivu ya moyo, mganga ataanza kutafuta ugonjwa wa moyo. Akiandika kwamba tumbo ndilo linalouma, mganga atatafuta vidonda vya tumbo au minyoo. Jambo la kuogofya ni kwamba tafsiri yoyote kati ya hizo mbili yaweza kuua. Moyo uliokosa damu mara nyingine hujionyesha kwa maumivu ya sehemu ya juu ya tumbo pamoja na kichefuchefu, hata mgonjwa akapewa dawa ya tumbo na kurudishwa nyumbani. Kwa hiyo ukungu wa neno la mama ulikuwa na faida: uliiacha milango yote miwili wazi. Aliyeufunga mmoja ni yule aliyetafsiri.

Neno «kizunguzungu» lina historia nyingine. Limejengwa juu ya kitenzi «kuzunguka», na kwa asili yake linataja hisia ya dunia kuzunguka. Lakini katika matumizi limepanuka. Anayeona giza machoni akisimama ghafula, asiyeweza kutembea sawasawa, anayehisi kichwa chepesi kwa njaa au kwa wasiwasi, wote husema wana kizunguzungu. Mwaka 1972 Drachman na Hart, waganga wa Marekani, walipendekeza malalamiko ya namna hiyo yagawanywe katika aina nne kulingana na maelezo ya mgonjwa, na mgawanyo huo ulifundishwa kwa miaka mingi. Baadaye ilionekana kwamba msingi wake si imara. Katika utafiti wa Newman-Toker na wenzake, uliochapishwa mwaka 2007, sehemu kubwa ya wagonjwa waliochagua aina moja walichagua nyingine walipoulizwa tena baada ya dakika chache. Majibu juu ya muda wa hali hiyo na juu ya kinachoiamsha yalikuwa thabiti zaidi. Funzo ni kubwa: mgonjwa akibanwa ataje namna ya hisia, atachagua neno lolote apate kumridhisha anayeuliza, akiulizwa ilianza lini, ilidumu kiasi gani, alikuwa akifanya nini, atasema anachokijua.

Aidha, kuna ukungu wa makusudi. Tafsida ni adabu ya lugha, na Mswahili aliyelelewa vizuri hatataja sehemu za siri wala mambo ya chooni mbele ya mtu asiyemzoea, hasa ikiwa ni wa jinsia nyingine au ni mdogo kwake kwa umri. Atasema anaumwa «chini ya kitovu», au kwamba «haja haiendi vizuri». Ni haja ipi, ndogo au kubwa? Haiendi, au inakwenda mno? Wahenga walionya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mara nyingi mgonjwa hafichi, anastahi. Muuguzi anayefahamu hilo humchukua mgonjwa pembeni na kumuuliza kwa maneno yenye heshima. Asiyefahamu huandika «maumivu ya tumbo» na kuita mwingine.

Mwisho, kuna neno dogo kuliko yote, nalo ni «ndiyo». Muuguzi huuliza: «Hujatapika?» Mgonjwa hujibu: «Ndiyo.» Katika Kiswahili jibu hilo huthibitisha kauli iliyo ndani ya swali: ni kweli, sijatapika. Katika Kifaransa mambo ni kinyume. Asiyetapika angejibu «non», na aliyetapika angejibu «si». Mganga aliyezoea kufikiri kwa Kifaransa atasikia «ndiyo» na kuandika kwamba mgonjwa ametapika. Hapa hapana neno la kitaalamu wala jina la ugonjwa. Kuna kanuni ya sarufi tu, na kanuni hiyo inatosha kugeuza maelezo ya mgonjwa juu chini. Dawa yake ni rahisi: swali la kukanusha lisiulizwe kitandani kwa mgonjwa.

4. Homa: jina linapotangulia ugonjwa

Hakuna neno lililobeba mzigo mzito zaidi kuliko «homa». Kwa maana ya kwanza ni joto la mwili lililozidi. Kwa maana ya pili ni ugonjwa wowote unaomlaza mtu akiwa na joto, baridi na uchovu. Kwa maana ya tatu, katika nchi zenye mbu wengi, ni malaria. Tena neno hilo limeingia katika majina ya magonjwa mengi yasiyofanana: homa ya matumbo, homa ya manjano, homa ya uti wa mgongo, homa ya ini. Hilo la mwisho linapotosha kwa namna ya pekee. Mtu anaweza kukaa na virusi vya homa ya ini miaka mingi bila joto lolote. Akisikia neno «homa», hujigusa paji la uso, akaliona baridi, akadhani amepona.

Kulinganisha homa na malaria hakukuwa kosa la wananchi peke yao. Kwa muda mrefu maagizo rasmi yalisema kwamba, katika maeneo yenye malaria nyingi, kila mtoto mdogo mwenye homa atibiwe malaria, kwa kuwa vipimo vilikuwa haba na kuchelewa kulikuwa hatari. Sababu hizo zilikuwa za haki. Ila matokeo yake katika lugha ni kwamba homa na malaria vilikuwa kitu kimoja hata katika daftari za vituo vya afya, na nimonia au homa ya uti wa mgongo viliweza kujificha nyuma ya neno hilo. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo, likapendekeza kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza, iwezekanapo, kabla ya kupewa dawa. Mwongozo ulibadilika kwa waraka. Neno halikubadilika kwa waraka.

Upande mwingine wa jambo hili ulionekana Bagamoyo, Tanzania, katika utafiti wa Winch na wenzake uliochapishwa mwaka 1996 juu ya majina ya magonjwa ya homa. Wakazi walikuwa na jina «homa ya malaria», nalo lilikaribiana sana na malaria ya waganga pale ugonjwa ulipokuwa wa kawaida. Lakini malaria kali ilikuwa na majina mengine. Mtoto aliyekakamaa na kutupa macho juu alikuwa na «degedege». Aliyevimba upande wa kushoto wa tumbo alikuwa na «bandama». Aliyepauka alikuwa na upungufu wa damu. Hayo yalihesabiwa kuwa maradhi mengine, yenye asili nyingine na tiba nyingine. Degedege, ambalo jina lake huhusishwa na ndege, ilionekana kuwa shauri la mtabibu wa jadi kwanza.

Msomaji asiharakishe kusema kwamba wazazi hao walikosa elimu. Majina yao yalikuwa wazi kuliko ya waganga: degedege ni kukakamaa, na kila mtu huiona. Kasoro ilikuwa katika daraja la kuunganisha majina mawili. Bango lililosema «Homa ya malaria inatibiwa hospitalini» lilieleweka vema, na kwa sababu lilieleweka vema halikumhusu mtoto mwenye degedege. Ujumbe ulikuwa sahihi, lugha ilikuwa fasaha, na mtoto aliyekuwa katika hatari kuliko wote akabaki nje ya sentensi.

5. Maneno ya mganga

Ingekuwa kosa kudhani kwamba ukungu ni wa mgonjwa na uwazi ni wa mganga. Lugha ya mganga ina ukungu wake, nao hudumu zaidi kwa sababu umevikwa Kigiriki na Kilatini.

Kuna maneno yanayotaja kutojua kana kwamba ni kujua. Mgonjwa huambiwa kwamba ana «hypertension essentielle», akadhani ameambiwa asili ya ugonjwa wake. Sifa hiyo ina maana kwamba sababu moja iliyo dhahiri haikuonekana. Neno «idiopathique» ni vivyo hivyo. Mjini mtu husema kwa kifupi kwamba fulani «ana tension», ingawa kila aliye hai ana msukumo wa damu. Jina la kitu kinachopimwa limekuwa jina la ugonjwa. Na mpaka wa ugonjwa huo ni wa kuwekwa: kwa miaka mingi kiwango kilichotumika kilikuwa 140 kwa 90, lakini mwaka 2017 vyama vya waganga wa moyo vya Marekani vilikishusha hadi 130 kwa 80. Mamilioni ya watu nchini humo walilala wazima wakaamka wagonjwa, bila mishipa yao kubadilika usiku huo.

Kuna pia maneno ya kukadiria: labda, huenda, yamkini, aghalabu, nadra. Mwaka 1986 Kong na wenzake walichapisha katika New England Journal of Medicine uchunguzi juu ya maneno ya namna hiyo katika Kiingereza. Watu wa kazi za uganga walitakiwa waeleze kwa tarakimu wanavyoyaelewa. Walipatana kwa kiasi juu ya mfuatano wa maneno, yaani lipi ni zito kuliko lipi, lakini neno moja lingeweza kupewa tarakimu zilizo mbali sana na watu wawili wa kazi ileile. Katika maandishi ya dawa barani Ulaya kumewekwa kipimo: athari mbaya huitwa «ya kawaida» ikiwapata watu kati ya 1 na 10 katika kila 100, na «nadra» ikimpata mmoja katika kila 1,000 hadi mmoja katika kila 10,000. Hata hivyo, wasomaji wa kawaida walipoulizwa na watafiti, walikadiria hatari kuwa kubwa mara nyingi kuliko ile iliyokusudiwa na maneno hayo.

Kiswahili kina mtego wake katika uwanja huo. «Mara kwa mara» kwa wengine ni mara nyingi. Kwa wengine ni mara moja moja, kwa vipindi. Mgonjwa anayeumwa kichwa mara kwa mara huenda anaumwa kila siku, au huenda anaumwa kila mwezi. Asiyeuliza «wiki iliyopita ulikiumwa siku ngapi?» hajapata habari, amepata wimbo wa lugha tu.

6. Safari ya neno: Yambuku, Kikwit, Kivu

Historia ya Kongo imetoa mifano inayoonyesha gharama ya neno lililojigeuza kuwa hakika. Huko Yambuku, mwezi Agosti 1976, mgonjwa wa kwanza kujulikana wa ule mripuko alifika akiwa na homa, akapewa sindano ya klorokwini kwa kudhaniwa ana malaria. Homa ikashuka, ikarudi baada ya siku chache. Hakuna awezaye kumlaumu aliyemtibu. Ugonjwa wa Ebola ulikuwa bado haujapata jina. Mripuko huo ulihesabiwa watu 318, na 280 kati yao walifariki.

Mwaka 1995 jina lilikuwapo tayari, lakini mambo ya Kikwit yalionyesha kwamba jina peke yake halitoshi. Ugonjwa ulikuwa ukienea tangu Januari, na wagonjwa walikuwa na homa na kuhara damu. Kwa hiyo walihesabiwa miongoni mwa wagonjwa wa kuhara damu kulikozoeleka, ambako Kifaransa cha huko kilikuita «diarrhée rouge». Mwezi Aprili mtaalamu mmoja wa maabara alipasuliwa kwa kudhaniwa kwamba utumbo wake umetoboka kwa homa ya matumbo. Wale waliomhudumia katika upasuaji waliambukizwa. Mwezi Mei ndipo virusi vilitambuliwa, na hesabu ya mwisho ilifika watu 315. Kila neno lililotumiwa lilikuwa kweli kwa nusu: kulikuwa na kuhara, kulikuwa na damu, kulikuwa na tumbo lenye maumivu. Kilichokosekana ni alama ya kuuliza kando ya jina.

Hata jina lenyewe lilikuja kuonekana kuwa na kasoro. Ugonjwa uliitwa homa ya kutoka damu, na aliyelisikia jina hilo alingojea damu. Wagonjwa wengi hawaonyeshi damu hata kidogo. Huanza kwa joto, uchovu, maumivu ya viungo, kutapika na kuhara, kama malaria. Shirika la Afya Duniani likaacha jina hilo na kutumia «ugonjwa wa virusi vya Ebola».

Mripuko mkubwa kuliko yote iliyotangulia katika Kongo ulitokea katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, nchi ya wasemaji wa Kiswahili, tangu tarehe 1 Agosti 2018 hadi tarehe 25 Juni 2020. Humo kulitumika maneno matatu yenye mipaka iliyoandikwa: mgonjwa «suspect», mgonjwa «probable», na mgonjwa «confirmé». La kwanza lilikuwa na taabu katika tafsiri. Anayelifanya «mshukiwa» humwita mgonjwa kwa jina la mtu anayetuhumiwa wizi, na katika nchi iliyojeruhiwa na vita neno la namna hiyo haliwavuti watu kuja kituoni. «Anayedhaniwa kuwa na ugonjwa» ni refu zaidi, lakini halimshtaki mtu.

Hata hivyo, mgawanyo wenyewe ni funzo jema. Hesabu ya mwisho ilikuwa watu 3,470, na waliofariki 2,287. Katika 3,470 hao, 3,317 walithibitishwa kwa maabara, na 153 wakabaki katika kundi la yamkini, kwa kuwa ushahidi wa maabara haukupatikana. Shaka haikufutwa ili hesabu ipendeze. Iliandikwa, ikahesabiwa, ikabaki na jina lake.

7. Njia za kupunguza madhara

Njia ya kwanza ni kuhesabu panapohesabika. Kwa mtoto anayekohoa, Shirika la Afya Duniani liliacha neno «haraka» peke yake likaweka tarakimu: pumzi 60 au zaidi kwa dakika kwa mtoto asiyetimiza miezi miwili, 50 kwa mwenye miezi miwili hadi kumi na mmoja, 40 kwa mwenye mwaka mmoja hadi asiyetimiza mitano. Muuguzi mwenye saa, hata asipokuwa na chombo kingine, anaweza kutambua nimonia mapema. Lakini tarakimu nayo ni mpaka wa kuwekwa. Mtoto wa miaka miwili mwenye pumzi 39 hayuko salama kwa sababu ya pumzi moja iliyopungua. Fumbo la rundo halikutatuliwa, limepewa uzio. Mama yake akisema «leo si yule ninayemjua», kauli hiyo isiyo na tarakimu yastahili kusikilizwa.

Njia ya pili ni kuuliza tendo, mahali na wakati badala ya kuuliza jina. «Nionyeshe kwa kidole kimoja» hutatua utata wa moyo kuliko kamusi yoyote. «Ulikwenda chooni mara ngapi tangu jana jioni?» ni bora kuliko «unahara sana?»

Njia ya tatu ni kuhifadhi neno la mgonjwa. Karatasi ikibeba kauli ya mgonjwa kwa Kiswahili chake, ndani ya alama za kunukuu, na chini yake tafsiri ya Kifaransa, mganga wa pili anaweza kurudi kwenye chemchemi iwapo tiba ya kwanza haikufaa. Ikibeba tafsiri peke yake, njia ya kurudi imekatwa.

Njia ya nne ni kuiandika shaka. Uainishaji wa kimataifa wa magonjwa, katika toleo lake la kumi lililopitishwa mwaka 1990, ulitenga sura nzima yenye herufi R kwa dalili zisizopata jina la ugonjwa, na humo imo homa isiyojulikana asili yake. Kwa hiyo sayansi yenyewe imemruhusu mganga kuandika kwamba bado hajajua. Anayekataa ruhusa hiyo na kuandika «malaria» ili nafasi isibaki tupu humfunga macho yule atakayeisoma karatasi kesho.

8. Hitimisho

Imeonekana kwamba ukungu wa lugha ya uganga una mizizi mitatu: utata, ujumla na ukosefu wa mpaka, kwamba unakaa kinywani mwa mganga kama unavyokaa kinywani mwa mgonjwa, na kwamba hatari yake kubwa iko njiani, neno linapovuka kutoka Kiswahili kwenda Kifaransa na kupoteza shaka yake.

Kwa upande huo mtaalamu wa lugha ana kazi ambayo mganga hawezi kuifanya peke yake. Maneno ya maradhi ya Lubumbashi, Kalemie, Bukavu, Goma na Bunia hayafanani yote, wala hayafanani na yale ya pwani. Kuyakusanya na kuyaeleza, kila moja na maana zake zote na mahali linapotumika, ni kazi ya kamusi, na kwa wakati uleule ni kazi ya kuokoa roho. Kamusi ya namna hiyo isimpe muuguzi tafsiri moja tu mbele ya kila neno, bali impe maswali ya kuuliza. Mbele ya «moyo» isiandikwe jina la kiungo peke yake, iandikwe pia: «Mwambie aonyeshe kwa kidole.»